Blogu Zilizonifundisha Kupeleka Vitabu Malishoni

Simu ikianza kuwaletea matangazo ya kubeti, mjue mmeshatoka maktaba mmeingia kwingine. Rudini nyuma. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi nilikaa huko karibu asubuhi nzima, nikibonyeza kila palipoandikwa "vitabu bure", nikiamini kitabu kiko mlango unaofuata. Hata ukurasa mmoja sikuuona. Bando likaisha, simu ikabaki inaniita mshindi.

Basi, shikamoo zenu nilizipokea, marahaba tena. Mlinikuta nyumbani napukuchua mahindi, ninyi vijana mnaotunza vitabu katika shule za huku kwetu, na yule binti wa Ihanja akaniuliza huku anacheka, "Babu, hebu tutajie blogu za kufuata." Alicheka kwa sababu mbele yake alikaa mzee wa darasa la nne, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna, maana mbwa alikuwa ameichukua. Nikawaambia nitawaandikia. Mimi kwa mdomo napotea sana. Naanza na vitabu naishia kwenye ng'ombe. Kwenye karatasi napotea vilevile, ila ninyi mnaweza kuruka mistari.

Nilikuwa mlinzi wa shule ya msingi, upande wa kuelekea Mungaa. Mwalimu aliyeshughulikia vitabu alihamishwa, na Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Veronika, akatazama huku na huku, akaona funguo zote za shule ziko kiunoni kwangu. Akasema, "Mzee Jumanne, na huu wa maktaba uendelee kukaa hapohapo." Ndivyo nilivyopata kazi. Wengine wanaisomea chuoni. Mimi nilipewa kwa sababu ya mkanda.

Sasa mlinzi akipewa vitabu hufanya nini? Hulinda. Nyumbani uwele tunauchanganya na majivu ili wadudu wasiusogelee, nami nikaona mchwa wa vitabu ni ndugu yake mdudu wa nafaka. Nikaleta majivu safi, ya mti mgumu, nikayachekecha, nikanyunyiza rafu zote, katikati ya vitabu, hadi ndani ya kurasa. Mchwa hawakuja, hilo msininyang'anye. Na watoto nao hawakuja. Aliyethubutu kufungua kitabu alitoka humo ana nyusi nyeupe, anapiga chafya, na wenzake wakimwona wanainama, "Shikamoo babu!"

Mimi nilikuwa na furaha zangu. Chumba kimya, hakuna kilichochanika. Mchana, watoto wakiwa darasani, nilijifungia humo nikasoma. Msidhani nilikuwa msomaji kabla ya hapo. Nilikuwa naokoteza herufi moja moja kama mtu anayeokota karanga shambani kwa mwenzake. Humo ndimo nilipoanza kusoma nikaelewa. Kulikuwa na hadithi moja ndefu ya fundi saa aliyepotea njia akitafuta kwao, nikawa naenda naye taratibu. Akichoka, nami nachoka. Akipata maji, na mimi natoka nje nakunywa.

Siku moja mlango ukagongwa. Mzee Ntandu, mwenyekiti wa kamati ya shule. Huyu ni rika langu kabisa, tuliingia jando pamoja, kwa hiyo tunaambiana lolote.

"Jumanne, chumba hiki wanakitumia akina nani?"

"Wanafunzi."

"Wako wapi?"

"Darasani."

"Na wakitoka darasani?"

"Wanakwenda kwao."

Akapitisha kidole kwenye rafu, akakitazama. "Kwa hiyo anayekitumia ni wewe na haya majivu."

Msimchukie Ntandu. Alikuwa na haki yake. Wazazi walikuwa wamekubaliana kuchanga mahindi wakishavuna, ili watoto wapate chakula cha mchana shuleni, na shule haikuwa na ghala. Yeye alikitazama chumba changu akaona magunia yamekwisha pangwa mpaka juu. Mwalimu Veronika akaniita ofisini, akaniambia wazi. Kamati itakuja kukipima chumba baada ya mavuno. "Nikiona watoto wanakitumia, mzee wangu, nitakitetea. Nisipowaona, nitasema nini? Mtoto mwenye njaa hasomi." Na vitabu? Vitapakiwa kwenye masanduku, vikae chini ya meza yake.

Nikamfikiria fundi saa wangu, bado yuko njia panda hajui ageukie wapi, halafu anafungiwa kwenye sanduku.

"Sasa mwalimu, nifanyeje?"

"Waulize wenzako."

"Walinzi?"

"Wakutubi."

Mkutubi! Neno hilo nilikuwa silijui, akanieleza kwamba ni mtunza maktaba. Nilirudi nyumbani nimelibeba mdomoni kama pipi. Mwalimu Veronika alinipa na simu yake ya zamani, ile ya kugusa, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha jinsi ya kuingia kwenye blogu za wakutubi wa shule. Mtandao wetu mnaujua. Nilikuwa napanda asubuhi kwenye yale mawe makubwa nyuma ya shule, nafungua ukurasa pale juu, nashuka nao nausomea chini kivulini. Nanyi fanyeni hivyo. Ukurasa ukishafunguka haukimbii, na bando linapona.

Ya kwanza ya kufuata ni *Rafu ya Chini*, blogu ya Bi Rehema, mkutubi wa shule moja kule Tanga. Na hapa lazima niwasimulie nilivyoingia, maana mpaka leo Mama Mwajuma, mke wangu, akitaka kuwachekesha wageni huanzia hapo.

Chini ya kila habari kuna kisanduku cha kuandika maoni. Nikataka kumuuliza Bi Rehema nifanyeje watoto waje. Lakini mnajua kwetu, huwezi kumvamia mtu na shida yako kama umefukuzwa na nyuki. Nikaanza na salamu. Bi Rehema, hujambo? Mzee wa hapo nyumbani hajambo? Watoto je? Mvua huko imenyesha? Sisi huku ilichelewa lakini imefika. Ng'ombe wanaendeleaje? Kisanduku kikajaa, kikakataa neno jingine. Nikakituma. Nikafungua kingine nikaendelea, kuku hawajambo, majirani hawajambo, yule mzee wa jirani aliyekuwa anaumwa mgongo sasa anatembea. Kikajaa tena. Nikatuma. Cha tatu nikakijaza shukrani za kunisikiliza, nikachoka, nikashuka kwenye mawe. Swali lenyewe sikuliuliza.

Na mimi nilidhani ni barua, anasoma yeye peke yake. Kumbe ni kama kusimama katikati ya mnada ukapaza sauti!

Kesho yake nikapanda, nikakuta majibu. Bi Rehema kaandika, "Mzee Jumanne, sisi hatujambo. Mume wangu anakusalimu. Mvua imenyesha. Ng'ombe hatuna, tuna paka, naye hajambo." Chini yake mwalimu mmoja wa Kagera, Mwalimu Deo, kaandika kwamba tangu aanze kusoma blogu hajawahi kuulizwa hali ya ng'ombe wake, na kwamba anao wawili, wazima. Fundi mmoja wa Iringa akasema mgongo na yeye unamuuma, je, yule jirani alitumia dawa gani? Watu wakaanza kusalimiana wao kwa wao, ukurasa mzima. Mwishoni Bi Rehema akauliza, "Sasa mzee wetu, una shida gani?"

Ndipo nikasema.

Kwa hiyo kipimo changu cha blogu ni hicho. Tazameni kama mwenye nayo anajibu watu. Tazameni kama picha ni za chumba chake, rafu imepinda na ukuta una ufa, au ni za chumba kinachong'aa ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukitia vumbi. Na tazameni kama anasimulia alipokosea. Anayepatia kila siku, achaneni naye, huyo anauza kitu.

Bi Rehema hakunicheka kuhusu majivu. Pengine alicheka huko kwake. Kwenye simu aliandika tu, "Yatoe leo." Mchwa anazuiwa chini, akasema. Sogeza rafu ziachane na ukuta, ziinue miguu juu ya matofali, pitisha mkono kila wiki ukikagua njia za udongo. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo limeipa blogu yake jina. Piga magoti mlangoni, ukitazame chumba kwa urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikapiga magoti. Nikaona nini? Matumbo ya rafu. Vitabu vya picha vyote vilikuwa juu, vya walimu viko chini. Siku hiyohiyo nikavipindua. Vya wadogo nikavishusha, nikavisimamisha majalada yakitazama mlango badala ya migongo. Mtoto hajui mgongo wa kitabu ni wa nani. Akiona sura, anaingia.

Wakaanza kuingia wadogo, mmoja, kisha na dada yake.

Ya pili ni *Gundi na Uzi*, ya yule fundi wa Iringa mwenye mgongo. Anafundisha kushona na kubandika vitabu vilivyochakaa, na mkono wake ni wa kweli. Anasema pika uji mzito wa unga wa ngano, uache upoe, paka kwenye mgongo wa kitabu, kifunge kwa kamba, kikaushe kivulini. Mimi nikaona unga wa ngano ni wa maandazi, mke wangu hatanielewa. Uwele tunao. Nikapika uji wa uwele. Kivuli nacho nikakiona kinachelewesha, nikavianika vitabu uani juani, vimejipanga vizuri, nikaingia ndani kunywa chai.

Kuku wa Mama Mwajuma mnawajua. Kuku wa Singida hangoji kukaribishwa. Natoka nje nakuta kundi zima limekaa maktaba, kila mmoja na kitabu chake, wanadonoa migongo kwa bidii ambayo sijaiona kwa mwanafunzi yeyote. Jogoo alikuwa kwenye jiografia.

Mama Mwajuma akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Mwajuma, angalau hawa wanasoma!"

Nikamwandikia fundi yaliyotokea. Akanijibu kwa kifupi: ngano, kivuli. Basi shikeni hayo mawili. Mkifuata blogu, fuateni na yale mnayoyaona madogo.

Ya tatu ni *Ukurasa Unaofuata*, ya Mwalimu Deo wa Kagera, na hii ndiyo iliyojaza chumba. Yeye anafundisha kusomea watoto kwa sauti, na siri yake anaitoa bila kificho. Acha pale panapochoma. Usimalize sura. Soma mpaka mkono uko kwenye kitasa cha mlango na ndani kuna kitu kinapumua, kisha funga kitabu useme kesho. Nikajaribu na fundi saa wangu wakati wa mapumziko. Nikamfikisha kwenye daraja la kamba, kamba moja imekatika, nikafunga kitabu.

"Babu! Alianguka?"

"Kesho."

"Babu, tuambie tu kama alianguka!"

"Mimi mwenyewe sijui. Sijafika."

Na ilikuwa kweli, nilikuwa sijafika. Wakanitazama kama nimewaibia. Kesho yake walijaa hadi dirishani.

Nikajiona nimeshinda, nikamwandikia Bi Rehema kwa majigambo, baada ya salamu. Yeye akaniuliza kitu kimoja tu, "Vitabu vinakwenda nyumbani?"

Haviendi, nikamwambia. Vitapotea.

"Na watoto wanapotoka shule, chumba kinakuwa na nani?"

Hapo alinishika. Maana Ntandu alikuwa na tabia ya kupita jioni, wakubwa wako machungani au mashambani na wadogo wanateka maji. Jioni chumba kilikuwa na mimi tu, safari hii hata majivu hayakuwepo kunipa kampani. Nilikuwa nimejaribu kuazimisha wakati fulani. Wazazi walivirudisha wenyewe, wanavishika kama mtu ashikaye kaa la moto. Walimwogopa mwalimu, waliogopa kulipishwa. "Kitu cha serikali hiki, mzee, mbuzi akikila nitasema nini?" Wao wanaogopa, mimi naogopa, na mavuno yamekaribia, alizeti zimeshainamisha vichwa.

Bi Rehema akaandika tena, "Watu wa kwenu wakipeana kitu cha thamani, wanafanyaje kisipotee na wasigombane?"

Nilikuwa nimekaa na Mama Mwajuma anachambua mlenda. Yeye kwa Bi Rehema alikuwa na lake. Kila asubuhi mumewe anapanda mawe kumwandikia mwanamke wa Tanga, ninyi mngekuwa yeye mngesemaje?

"Huyo Rehema wako leo anataka nini?"

Nikamsomea swali.

Hakuinua hata kichwa. "Si umwambie ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa kulea, Baba Mwajuma! Huyu mzee vipi? Umeolea hapa, umezeekea hapa."

Nikaweka simu chini.

Ninyi vijana wa siku hizi labda mmesahau, lakini huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawakai nao wote. Anampa jirani au shemeji mmoja au wawili awalee. Maziwa ni ya mlezi, samadi ni ya mlezi, ng'ombe ni wa mwenyewe. Hakuna kuandikiana. Na ng'ombe akifa, mlezi halipi. Anapeleka ngozi. Mwenyewe akishaiona ngozi, anampa pole, maneno yameisha. Asiyeleta ngozi, huyo ndiye ana maneno, na hapewi tena mnyama na mtu yeyote.

Kesho yake kwenye mstari wa asubuhi Mwalimu Veronika akaniachia nafasi nikazungumza. Nikawaambia, kuanzia leo kitabu ni ng'ombe wa kulea. Nendeni naye nyumbani. Maziwa ni yenu, na nyumba nzima ikamue. Ijumaa kengele ya jioni, anarudi zizini, unachukua mwingine. Akifa, leta ngozi. Ngozi ndiyo jalada.

Wakubwa wale wa darasa la sita na la saba, ambao walikuwa hawaji kabisa kwa sababu chumba kilikuwa cha wadogo, wakaelewa kabla sijamaliza sentensi. Jioni ile baba zao walipouliza, waliambiwa maneno mawili tu, wa kulea. Hakuna mzazi aliyerudisha.

Mama Mwajuma naye, akiona wazo ni lake, hakukubali kukaa pembeni. Siku ya mnada huwa anapeleka kuku. Safari hiyo akabeba matenga mawili kwenye mkokoteni wa punda, moja la kuku, moja la vitabu, vile vya watu wazima vya kilimo na mifugo na afya. Akayaweka sambamba. Nilikuwepo, nilimshikia punda.

Mama mmoja akainama. "Hiki bei gani?"

"Hakiuzwi," akasema Mama Mwajuma.

"Kama hakiuzwi, mnadani kimefuata nini?"

"Kimemsindikiza kuku. Kuku wanauzwa, hiki unalea. Kinaeleza kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, na namna ya kuchanja. Kisome, kirudi mnada ujao."

"Mimi macho ya kusoma sina."

"Mume unaye?"

"Ninaye."

"Basi akusomee, naye apate kazi jioni!"

Walicheka mpaka muuza vitunguu wa jirani akaja kuangalia kuna nini. Yeye akaondoka na kitabu cha magonjwa ya vitunguu. Nikamuuliza Mama Mwajuma, hatuandiki majina? Akasema, "Kila ng'ombe wangu namjua aliko." Na kweli alijua.

Ngozi ya kwanza ililetwa na kijana wa darasa la tano. Alisimama mlangoni, jalada amelishika kwa mikono miwili, uso wa msibani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Mbuzi."

"Pole sana."

"Alibakiza hili."

"Nimeiona ngozi. Maziwa ulikuwa umeshakamua?"

Akafikiri. "Nilibakiza kurasa chache."

Nikampa mwingine. Jalada nikalitundika kwenye waya ukutani. Bi Rehema nilipomsimulia aliandika habari nzima kuhusu ngozi kwenye *Rafu ya Chini*, na watu wakaanza kutuma zao: kitabu kilichotumbukia kisimani, kingine mtoto mchanga alikitafuna pembe zote. Mkutubi wa upande wa Kilimatinde aliandika kwamba wazazi wa huko nao sasa wanachukua vitabu, na ngozi ya kwanza aliyoletewa ni ya kitabu kilicholiwa na mbwa. Someni yale maoni chini ya habari ile. Kuna mengi humo ya jinsi ya kufunga vitabu kwa nailoni ili visiwe vitamu kwa mbuzi.

Mavuno yakafika. Mahindi yalikuwa mazuri mwaka ule, na hilo lilinifurahisha na kunitisha kwa pamoja. Kamati ikaja Ijumaa mchana, Ntandu mbele na futi kamba mkononi, amevaa lile koti lake kubwa ambalo halivui hata jua likiwaka. Mwalimu Veronika akasimama pembeni yangu. Nikafungua mlango.

Rafu zilikuwa tupu.

Sisemi zilipungua. Tupu, mbao inaonekana mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kimebaki kitabu kimoja cha sheria za zamani ambacho hata kuku hawakukigusa. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akasema, vizuri, mzee ametusaidia kazi, ameshahamisha.

Ntandu akaachia futi kamba ikajikunja. "Jumanne, vitabu viko wapi?"

"Ntandu, saa hizi ukienda kwangu ukakuta zizi tupu, utasema nimeibiwa?"

"Nitasema ng'ombe wako malishoni."

"Basi."

Mwalimu Veronika akaingilia, akasema vyote vimeazimwa, na leo ni Ijumaa, wazee wangu, mkae kidogo mngoje kengele. Wakakaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Na mimi niwaambie ukweli, wajukuu zangu, niliogopa. Nani alijua kama wangerudi? Wakirudi nusu, chumba kimekwenda, na vitabu vimekwenda.

Kengele ikagongwa.

Kwanza tulisikia miguu. Halafu mlango ukaziba. Wadogo na picha zao, wakubwa na fimbo za kuchungia kwapani kwa sababu wakitoka hapo wanakwenda moja kwa moja kupokea ng'ombe, mama wawili watatu na vitenge vyao, yule muuza vitunguu. "Shikamooni wazee! Babu, mimi nataka kile cha fundi saa! Babu, yeye amekaa nacho wiki mbili! Babu, mwenzangu analea wawili!" Rafu zikajaa, zikaanza kupungua tena palepale, mjumbe mmoja akakanyagwa mguu akaombwa msamaha na watu ambao hawakumtazama. Aliyesema nimehamisha vitabu nilimwona ameshika kimoja, anageuza kurasa huku mdomo unacheza.

Walipopungua, Ntandu akaja mezani kwangu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama anayetaka ugoro. Akatia mkono ndani ya lile koti, akatoa jalada. La kitabu cha kuku. Peke yake.

"Ngozi hii hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Ndama. Nilikiacha dirishani."

Nikamgeukia Mama Mwajuma, ambaye alikuwa amekuja na tenga lake. Alikuwa anatazama dari. Yule mama wa mnadani, yule asiye na macho ya kusoma, sikuwa nimemwona vizuri kwa ajili ya punda. Kumbe alikuwa mke mdogo wa Ntandu. Na mume aliyepata kazi jioni ni huyu.

"Pole sana, ndugu yangu," nikasema, kama inavyotakiwa.

"Tulikuwa tumefika kwenye kutotoa vifaranga."

"Pole."

Akakohoa. "Anayeleta ngozi si anapewa mwingine?"

Nikampa. Akamwita mjumbe mwenzake, akamkabidhi ncha ya futi kamba, wakaanza kupima ukuta wa upande wa pili. Mwalimu Veronika akauliza, sasa mnapima nini tena? Ntandu akajibu bila kugeuka kwamba rafu zile hazitoshi, watu wanakanyagana. Na mahindi? "Mahindi yatakaa kwenye banda langu la matofali mpaka wazazi wafyatue tofali za ghala," akasema, "mbona mnanitazama hivyo?"

Ghala lilijengwa. Watoto wanakula, na chumba kipo. Funguo nimeshamkabidhi mwalimu kijana, lakini jalada la Ntandu lingali kwenye waya, na yeye akipita huwaambia watu ni la jirani yake. Fundi saa nilimfikisha kwao. Sitawaambia alikuta nini.

Hizo ndizo blogu zangu: *Rafu ya Chini*, *Gundi na Uzi*, *Ukurasa Unaofuata*. Mkishaingia, msianze na shida zenu. Muulizeni Bi Rehema paka wake anaendeleaje. Ni mzee sasa, haoni vizuri, lakini majuzi nimeambiwa hajambo.